Ziwa Moja, Vitabu Vingi vya Bajeti

Maji yanayotoka bombani katika Manispaa ya Tabora yanavutwa kutoka Ihelele, kijiji kilicho kando ya Ziwa Victoria katika Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza. Mradi huo ulizinduliwa mwaka 2009 kwa ajili ya watu wa Kahama na Shinyanga, kisha bomba likasogezwa hadi Igunga, Nzega na Tabora. Mama wa Tabora anayejaza ndoo asubuhi hana diwani Misungwi. Hana sauti katika kikao kinachoamua kama mashamba yafike ukingoni mwa maji, au kama mwalo wa wavuvi upate vyoo mwaka huu au usubiri mwaka kesho. Hata hivyo, usafi wa ndoo yake unaanzia kwenye kikao hicho.

Ndivyo ilivyo kwa kila anayelitegemea ziwa hili. Uamuzi unafanyika kwenye halmashauri moja, matokeo yanapokelewa kwenye nyingine, na gharama inamwangukia ambaye hakuwepo kikaoni. Kwa sababu hiyo, ushirikiano wa serikali za mitaa katika Kanda ya Ziwa ni suala la maji ya kunywa, samaki sokoni na watoto wanaougua kuhara. Hauhusiani na ukarimu wala ujirani mwema peke yake.

Hoja yangu ni moja. Mamlaka za mitaa za Ziwa Victoria zimekutana vya kutosha, zimetia saini vya kutosha na zimepiga picha za pamoja vya kutosha. Kilichobaki ni kuuandika ushirikiano huo ndani ya vitabu vya bajeti, ukiwa na kifungu, kiasi cha fedha na afisa anayewajibika. Ushirikiano usio na kifungu kwenye bajeti hufa siku mfadhili anapofunga ofisi.

Vyombo tunavyo

Tusianze kwa kulalamika kwamba hakuna vyombo. Ziwa hili lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800 limegawanywa kati ya Tanzania yenye karibu nusu yake, Uganda inayofuata, na Kenya yenye asilimia 6 hivi. Rwanda na Burundi hazina ufuko, lakini maji yao yanaingia ziwani kupitia Mto Kagera. Kwa ukubwa huo lina kina kidogo, wastani wa mita 40, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Uchafu ukiingia hapa hauna njia ya haraka ya kutoka.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, ziwa lilikaa miaka mingi bila msimamizi wa pamoja. Mwaka 1994 nchi tatu zilitia saini mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao makuu Jinja. Mwaka huohuo zilikubaliana kuhusu mradi wa hifadhi ya mazingira ya ziwa, uliojulikana kwa kifupi kama LVEMP. Mwaka 1997 mamlaka za mitaa zenyewe ziliunda umoja wao, LVRLAC, wenye sekretarieti Entebbe, ili miji na wilaya za ufukweni ziwe na sauti moja. Novemba 2003 ikaja Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, na kutokana nayo ikazaliwa Kamisheni ya Bonde yenye makao Kisumu. Mwanza yenyewe ina Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi za utafiti wa uvuvi na vyombo vya mazingira vya kanda.

Kwa hiyo kuna kamisheni Kisumu, shirika Jinja, sekretarieti Entebbe na bodi Mwanza. Vyombo hivi vinazungumza lugha ya mikataba, na vinazungumza na wizara. Mfereji wa Mabatini jijini Mwanza, choo cha mwaloni na shamba la ukingoni viko chini ya halmashauri, kata, mtaa na kijiji. Ngazi hiyo ya chini ndiyo inayoachwa itekeleze mkataba ambao haikuukatia bajeti.

Somo la gugu maji

Kuna wakati mmoja ambapo ziwa zima lilipambana na adui mmoja kwa mbinu moja, na inafaa tuukumbuke kwa undani. Gugu maji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika ghuba na bandari, likaziba mialo, likazuia mitumbwi, likawa maficho ya konokono wa kichocho. Watu walitoka na mapanga na majembe wakalivuta kwa mikono, na baada ya wiki chache lilikuwa limerudi palepale.

Kilicholipunguza ni fukusi wadogo wanaokula gugu hilo, walioletwa kutoka nje ya ziwa na kuachiwa katika nchi zote tatu. Fukusi hawa walizalishwa kwenye matangi kando ya ziwa, na wanavijiji na wavuvi walishirikishwa kuwatunza na kuwasambaza. Hali ya hewa nayo ilisaidia. Mafanikio yalitokana na mambo mawili yaliyokwenda pamoja: mbinu ileile ilitumika pande zote za mpaka kwa wakati mmoja, na kazi ilishushwa hadi mwaloni. Upande mmoja ungebaki nyuma, upepo ungerudisha gugu kwa majirani msimu uleule.

Sehemu ya pili ya somo inauma zaidi. Gugu lilipopungua, nchi zilipumua, lakini chakula chake kiliendelea kumiminwa ziwani. Gugu maji hula naitrojeni na fosforasi zinazotoka kwenye majitaka, samadi, mbolea na udongo unaomomoka. Fukusi hawana uwezo wa kufunga bomba la choo linalotiririkia mtoni. Hiyo ni kazi ya halmashauri. Ndiyo maana mapema mwaka 2025 wakazi wa Mwanza walishuhudia tena magugu yakikwamisha vivuko vya Kigongo na Busisi, miezi michache tu kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa hapohapo mwezi Juni. Magari sasa yanapita juu, lakini chini ya daraja kilicholeta magugu hakijaondoka.

Mji mmoja, halmashauri mbili

Kabla hatujavuka kwenda Kisumu na Entebbe, tutazame nyumbani. Mji wa Mwanza, ambao mgeni anauona kama mji mmoja, unaongozwa na halmashauri mbili: Jiji la Mwanza katika Wilaya ya Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela iliyoanzishwa mwaka 2012. Kwa sensa ya mwaka 2022, wilaya hizo mbili zina watu zaidi ya milioni 1.1. Mtu analala Ilemela, anafanya biashara Nyamagana, na taka zake zinazolewa na gari la halmashauri moja huku kodi ya kibanda chake ikilipwa kwenye nyingine.

Kugawanya mji mkubwa kuna faida. Diwani anakuwa karibu na watu wake na huduma zinafika mitaa iliyosahaulika. Lakini mvua haijui mpaka wa Nyamagana na Ilemela. Ikinyesha juu ya vilima vya mawe vinavyouzunguka mji, maji yanashuka na kila yanachokikuta: mchanga, mifuko, kinyesi. Mto Mirongo unapokea sehemu kubwa ya mzigo huo, unapita Mabatini na katikati ya mji, unautapika ziwani. Maji yote ya upande huu wa mji yanakutana katika Ghuba ya Mwanza, na katika ghuba hiyohiyo ndipo zilipo pampu zinazovuta maji ya kunywa, za Capri Point na za Butimba, mtambo uliojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Mji unakunywa kutoka ghuba inayopokea uchafu wake.

Hapa pana jambo jema linalostahili kuigwa, nalo limefanywa na watu wa maji. Mamlaka ya majisafi, MWAUWASA, haikugawanywa pale halmashauri zilipogawanywa. Inahudumia pande zote mbili, kwa sababu bomba hufuata mteremko. Kwenye vilima kama vya Igogo, Mabatini na Kilimahewa, ambako huwezi kuchimba shimo la choo kwa sababu ya mwamba, kwa miaka mingi baadhi ya wakazi walisubiri mvua kubwa ndipo wafungulie vyoo vyao viende na maji. Mamlaka ilikuja na mfumo rahisi wa majitaka: mabomba membamba yanayopita katikati ya nyumba na miamba, mahali pengine juu ya ardhi, yakikusanya majitaka ya nyumba kadhaa hadi bomba kuu na kwenye mabwawa ya kutibia. Kila nyumba inaunganishwa kupitia ya jirani. Mmoja akikataa, mstari mzima unakwama, hivyo ilibidi watu wakubaliane mtaa kwa mtaa kabla ya fundi kuanza kazi.

Ukisimama chini ya kilima ukayatazama mabomba yale, unaona ushirikiano ulivyo hasa: kila mmoja ameachia kipande cha uwanja wake, na kila mmoja analipia matengenezo. Najiuliza kwa nini jambo walilokubaliana wapangaji na wenye nyumba wa kilimani liwe gumu kwa halmashauri zenye wanasheria, wahasibu na wapima.

Kwenye karatasi nia ipo. Mpango kabambe wa mji wa mwaka 2015 hadi 2035 uliandaliwa kwa kuitazama Nyamagana na Ilemela kama mji mmoja. Lakini mpango wa pamoja unaotekelezwa kwa bajeti mbili zisizosomana unabaki kuwa ramani ya ukutani. Dampo liko Buhongwa, kusini mwa jiji, na kila halmashauri inahesabu safari zake za magari ya taka peke yake. Dar es Salaam ilijaribu njia nyingine kwa miaka mingi, ya halmashauri ya jiji inayoratibu manispaa zake, hadi ilipovunjwa Februari 2021 na Ilala kupandishwa kuwa jiji. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba chombo cha juu kilikuwa kinakula fedha bila kuwa na eneo lake la kuhudumia. Mwanza haihitaji kurudia muundo huo. Inahitaji kitu chepesi zaidi: fungu la pamoja la fedha kwa kazi chache zilizotajwa.

Gunia la dagaa

Ili tuone kwa nini halmashauri haziungani, tufuatilie gunia moja la dagaa. Wavuvi wa visiwa vya Ukerewe wanaingia ziwani usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na taa za kuwavuta dagaa. Alfajiri wanashusha mzigo mwaloni. Dagaa wanaanikwa, wengine juu ya mchanga, wengine juu ya chanja. Wa mchangani wanakauka na mchanga wao, mvua ikinyesha wanaoza, na bei yao huishia kwenye chakula cha kuku. Wa kwenye chanja wanabaki safi na bei yao ni ya chakula cha watu. Kisha gunia linapakiwa kwenye boti na kushushwa Mwaloni Kirumba, soko la Ilemela ambako wafanyabiashara wa Kongo, Burundi na Rwanda huja kununua.

Katika safari hiyo, kila halmashauri ina dirisha lake la kukusanya. Ukerewe inategemea ushuru wa mazao ya uvuvi yanapotoka, Ilemela inategemea sokoni yanapofikia. Zote mbili zinahitaji fedha hizo, na haki yao siipingi. Lakini tazama motisha inavyokwenda. Halmashauri ya mwaloni ikijenga chanja na vyoo, thamani ya gunia inapanda, ila faida kubwa ya thamani hiyo inaonekana sokoni, kwenye halmashauri nyingine. Halmashauri ya soko nayo ingependa dagaa safi, lakini haina kisheria wala kibajeti njia ya kujenga chanja kwenye kisiwa cha wilaya ya jirani. Kwa hiyo kila mmoja anafanya linalomfaa peke yake: anakusanya ushuru, na chanja linasubiri mradi wa mfadhili. Anayeumia ni mama anayeanika, maana mvua moja inamla mtaji wake wote.

Uvuvi haramu una mantiki hiyohiyo. Sheria inakataza kokoro na nyavu zinazokamata sangara wachanga wasiofika sentimita 50. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vipo katika mialo ili vilinde. Halmashauri inayobana inawaona wavuvi wake wakihamia mwalo wa jirani anayelegeza, na ushuru wanahama nao. Kinachotokea kati ya wilaya hutokea pia kati ya nchi. Mwaka 2017 Uganda iliwapeleka wanajeshi ziwani kulinda uvuvi, mwaka 2018 Tanzania ikaendesha Operesheni Sangara iliyoteketeza nyavu nyingi, na Kenya ikaendelea kwa mwendo wake. Zaidi ya wavuvi 200,000 wanaishi kwa ziwa hili. Operesheni zikipishana majira na ukali, samaki hapumziki na mvuvi hajifunzi sheria. Anajifunza kuhama tu.

Mito haisubiri kikao

Kuna pia halmashauri ambazo hazina ufuko kabisa lakini zina ziwa mikononi mwao. Mto Simiyu unakusanya maji ya wilaya za wakulima wa pamba na wafugaji, na unaingia ziwani kupitia Magu. Udongo unaomomoka Bariadi na Maswa unatua kwenye Ghuba ya Speke, ambako wavuvi wa Magu na Busega wanatega nyavu. Mkoa wa Simiyu wenyewe unaletewa maji ya kunywa kutoka ziwani kwa mradi mkubwa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Hivyo kitakachofanywa kwenye mashamba ya Simiyu kitarudi Simiyu kupitia bombani.

Mto Mara ni somo kubwa zaidi kwa sababu unavuka mpaka. Unaanzia kwenye misitu ya Mau nchini Kenya, unapita Serengeti, unaingia kwenye kinamasi cha Mara, kisha ziwani. Machi 2022 maji ya mto huo upande wa Tanzania yaligeuka rangi, yakanuka na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi, na ripoti iliyotaja kinyesi na mkojo wa mifugo kama chanzo ilizua mjadala mkali nchini. Nani alikuwa sahihi ni mjadala wa wataalamu. Kilichonigusa mimi ni kwamba wananchi na viongozi wao hawakuwa na vipimo vya mara kwa mara vya mto wao vya kulinganisha, mwezi kwa mwezi, eneo kwa eneo. Asiye na kipimo cha jana hawezi kubishana kuhusu uchafu wa leo.

Hata hivyo bonde la Mara lina jambo la kujivunia. Tangu mwaka 2012, kila Septemba 15 watu wa pande mbili huadhimisha Siku ya Mara, wakipokezana kati ya Kenya na Tanzania, na serikali za kaunti na mikoa hukaa meza moja. Sherehe hiyo imejenga kujuana, na kujuana ni mtaji. Hatua inayofuata ni kuugeuza mtaji huo kuwa vituo vya kupima maji vinavyoendeshwa kwa fedha za pande zote mbili, na matokeo kubandikwa kwenye ofisi za vijiji.

Kwa nini umoja wa miji umekuwa mzito

LVRLAC ilipoundwa mwaka 1997, mfano uliokuwa karibu ni Umoja wa Miji ya Baltiki, ulioanzishwa Gdańsk mwaka 1991 na miji 32 ya nchi mbalimbali kuizunguka bahari iliyokuwa imechafuka sana. Wale wa Baltiki waliwasaidia wenzao wa Victoria, na shirika la misaada la Sweden likatia mkono. Tofauti iko mahali pawili. Miji ya Baltiki ililipa ada za uanachama na kugawana kazi za kamati, na kila mji ulikuwa na mamlaka halisi juu ya majitaka yake.

Kwetu, mwenzako mezani hubadilika. Kenya ilifuta mabaraza yake ya miji baada ya Katiba ya 2010, na uchaguzi wa Machi 2013 ukaleta kaunti 47. Meya wa Kisumu aliyekuwa mwenzi wa Meya wa Mwanza akatoweka, nafasi ikachukuliwa na gavana mwenye bunge la kaunti na mgao wa kikatiba. Kaunti 14 za magharibi mwa Kenya zikaunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa. Upande wetu mwelekeo umekuwa tofauti. Barabara za mijini na vijijini zilihamishiwa TARURA mwaka 2017, maji ya vijijini yakahamishiwa RUWASA mwaka 2019, na kodi ya majengo ikaondoka mikononi mwa halmashauri. Huenda hatua hizo ziliongeza ufanisi katika huduma husika, lakini zimemwacha mkurugenzi wa halmashauri ya Tanzania akikaa na gavana wa Kenya mezani akiwa na mambo machache anayoweza kuahidi bila kuandika barua TAMISEMI.

Tukiyapuuza mambo haya tutabaki tukishangaa kwa nini maazimio hayatekelezwi. Walioketi mezani hawana uzito sawa. Tiba yake ni kuchagua kazi ambazo halmashauri yetu bado ina mamlaka nazo kamili: taka ngumu, mialo na masoko, sheria ndogo za matumizi ya ufuko, afya ya mazingira, upandaji miti, na elimu kwa wananchi. Hayo yanatosha kuanzia, tena ndiyo yanayoligusa ziwa zaidi.

Upo pia ushahidi kwamba miji midogo ikishughulikiwa kwa pamoja, kazi inafanyika. Mradi wa maji na usafi wa Ziwa Victoria ulioanzishwa na UN-Habitat mwaka 2004, shirika hilo likiongozwa na Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, uliichagua miji iliyosahaulika kama Muleba na Bukoba kwetu, Homa Bay na Bondo kwa Kenya, Masaka na Kyotera kwa Uganda. Awamu ya pili, chini ya Kamisheni ya Bonde, ilifika miji 15 katika nchi tano, ikiwemo Geita, Sengerema na Nansio. Hakuna mji uliosubiri mwingine ukamilike. Lakini fedha zilikuwa za nje, na mradi una tarehe ya mwisho wakati kinyesi hakina.

Mwanza ina marafiki wa mbali na tunawashukuru. Urafiki wetu na Würzburg ya Ujerumani ulianza mwaka 1966, na ule wa Tampere ya Finland mwaka 1988. Umetupa shule, mafunzo ya mazingira na ujuzi wa utawala wa mji. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Gugu linalotoka Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, halipiti Tampere kuja Mwanza. Ikiwa tumeweza kudumisha uhusiano na mji wa Ulaya kwa karibu miaka 60, tunaweza kuwa na mkataba wa kazi na Misungwi.

Yafanyike manne

La kwanza, halmashauri nne zinazoizunguka Ghuba ya Mwanza, yaani Jiji la Mwanza, Ilemela, Misungwi na Sengerema, ziunde kamati ya pamoja ya ghuba. Sheria zetu za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaruhusu mamlaka kushirikiana kwa kamati za pamoja. Ianze na kazi chache: taka zinazoingia mitoni, vyoo vya mialo, na ukingo wa mita 60 ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inautaka ulindwe.

La pili, kila halmashauri itenge sehemu ndogo ya ushuru wa uvuvi iingie kwenye fungu la pamoja linalotumika mwaloni, hata kama mwalo wenyewe uko wilaya ya jirani. Soko likichangia chanja la kisiwani, soko linajiongezea ushuru wa kesho.

Najua jibu litakalokuja: halmashauri hazina fedha. Ni kweli mapato ya ndani ni madogo na mahitaji ni mengi. Lakini kila halmashauri nchini inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi agizo hilo lilikuwa likitekelezwa kwa kubahatisha, hadi lilipowekwa kwenye sheria mwaka 2018. Tangu hapo mkurugenzi asiyetenga anahojiwa na mkaguzi. Utaratibu huo nao umekuwa na matatizo, na mwaka 2023 mikopo ilisitishwa ili kurekebishwa kabla ya kurudi, lakini umethibitisha jambo moja: kilicho kwenye sheria na bajeti hutengewa fedha, kilicho kwenye hotuba hutengewa makofi.

La tatu, sheria ndogo za mialo zifanane. Faini ya kokoro, utaratibu wa leseni ya chombo, masharti ya kuanika dagaa na kutupa taka viwe sawa kutoka Ukerewe hadi Sengerema, ili mvuvi asipate faida kwa kuhama. Hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji wanasheria wa halmashauri wakae pamoja, na mabaraza yapitishe maneno yaleyale.

La nne, maji yapimwe na matokeo yatangazwe. Bodi ya bonde, MWAUWASA na watafiti wa Mwanza wana ujuzi na maabara. Halmashauri zichangie gharama, na kila robo mwaka mwenyekiti wa mtaa apewe karatasi ya ukurasa mmoja inayosema hali ya mto unaopita kwake. Madiwani wa Nyamagana na Ilemela wakiona namba moja mezani, mjadala wa nani anachafua utaacha kuwa wa hisia.

Hayo manne yakisimama kwenye ghuba yetu, tutakwenda Kisumu na Entebbe tukiwa na kitu mkononi, na tutakuwa na haki ya kuuliza wenzetu wamefanya nini. Tutahitaji pia sauti hiyo kwa mambo makubwa kuliko ghuba. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, ukame na maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja vikilaumiwa. Mwaka 2020 likapanda kuliko ilivyowahi kupimwa hadi wakati huo, likameza mialo na nyumba, na mwaka 2024 likafurika tena. Waliohama makazi na kupoteza vyombo ni wananchi wa halmashauri za ufukweni, ambazo zilikuwa na neno dogo sana katika maamuzi yanayohusu kiwango cha maji.

Madiwani wa Mwanza, Mara, Simiyu, Geita na Kagera: rasimu za bajeti zitakapoletwa mezani, ulizeni swali moja kabla ya kuzipitisha. Kiko wapi kifungu tunachochangia na jirani yetu? Kama hakipo, msikubali ukurasa unaosema halmashauri inashirikiana na wadau. Nawe msomaji, kikao cha Baraza la Madiwani kiko wazi kwako kisheria. Nenda ukasikilize, kisha umuulize diwani wako swali hilohilo.